Mikono ya Maria Isiyo na Sugu

Mwaka 1925 Papa Pius XI alifanya mambo mawili ambayo watu wa Moshi na Arusha tunaishi nayo hadi leo, ingawa ni nadra kuyasikia yakitajwa pamoja. Mwezi Mei alimtangaza kuwa mtakatifu mtawa wa Kifaransa aliyefariki akiwa na miaka 24, Theresia wa Mtoto Yesu. Mwezi Desemba akaanzisha sikukuu ya Kristo Mfalme. Leo kanisa kuu la Wakatoliki Moshi ni la Kristo Mfalme, na la Arusha ni la Mtakatifu Theresia. Ni kama kilomita 80 za lami: mwanzo wa safari mfalme mwenye taji, mwisho wake binti aliyekumbatia msalaba na maua ya waridi.

Mgawanyo huo unaonekana umekaa sawa. Mwanaume atawale, mwanamke apendeze. Lakini ukizitazama kwa utulivu picha zilizotundikwa kwenye sebule zetu, za kalenda, za fremu za plastiki zenye rangi ya dhahabu, hadi vibandiko vya kwenye bajaji, utaona wachoraji hawakugawa hivyo. Yesu na wanaume walio karibu naye wamepewa vyote: upanga na machozi, misuli na mashavu laini, ukali na ubembelezi. Wanawake wamebakiziwa fungu moja, upole wenye macho yaliyoinama. Tumezoea kusikia watu, hasa wanaume, wakilalamika kwamba Yesu wa pichani amefanywa kama mwanamke. Mimi hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba wanawake wa pichani hawakuruhusiwa kuwa zaidi ya hapo.

Chukua huyo Theresia wa Arusha. Dada yake wa tumbo moja, Céline, alipoingia utawani Lisieux mwaka 1894 aliingia na kamera yake, jambo lisilo la kawaida kwa monasteri ya Wakarmeli ya zama zile. Mwanzoni mwa 1895 watawa waliigiza mchezo juu ya Joan wa Arc, yule msichana aliyeongoza jeshi la Ufaransa. Theresia ndiye aliyeuandika, na ndiye aliyecheza nafasi ya Joan. Céline akampiga picha. Zipo hadi leo: Theresia amevaa deraya ya kuigizia juu ya vazi refu, wigi la nywele ndefu limeshuka mabegani, upanga mkononi, bendera pembeni. Uso ni mpana, taya imara, na hajitahidi hata kidogo kuonekana mrembo. Mwaka uliofuata akaandika kwamba anajisikia kuwa na wito wa askari, wa padre, wa mtume, wa mwalimu wa Kanisa na wa shahidi, vyote kwa pamoja.

Baada ya kifo chake mwaka 1897, picha walizopewa waumini zilikuwa zimeshapitiwa kwa brashi, na aliyeshika brashi alikuwa Céline huyo huyo. Uso ukapunguzwa ukali, macho yakalainishwa. Michoro yake ndiyo iliyomzoesha ulimwengu Theresia mwenye msalaba uliofunikwa na waridi. Sitaki kumwonea: waridi hayakubuniwa na mchoraji, Theresia mwenyewe aliahidi kuinyeshea dunia mvua ya waridi. Ila kati ya mambo yote aliyoyasema na kuyafanya, lililopita mlangoni likafika kwetu ni waridi. Upanga ulibaki kabatini. Picha zake zisizoguswa zilichapishwa kwa umma mwaka 1961, wakati wamisionari walikuwa wameshazisambaza zile laini kila pembe ya dunia.

Sasa mgeukie Yesu. Picha ya Moyo Mtakatifu iliyo katika nyumba nyingi za Wakatoliki Kilimanjaro, kuanzia Kilema hadi Kibosho, inatokana na mchoro mdogo wa Pompeo Batoni wa mwaka 1767, uliopo katika kanisa la Gesù mjini Roma. Kristo ameinamisha kichwa kidogo, nywele zimegawanywa katikati zikishuka kwa mawimbi, mdomo mdogo, na kiganjani ameshika moyo wake kama anayekukabidhi. Macho yake yanaomba. Mtu asiyejua Ukristo akiuona anaweza kudhani ni mwanamke aliyeota ndevu chache. Picha ya Huruma ya Mungu nayo, ile ya miale myekundu na myeupe, mara nyingi ni nakala ya Adolf Hyła wa Kraków, aliyeichora miaka ya 1940. Kristo wake amesafishwa na kulainishwa kuliko yule wa mwanzo aliyechorwa na Eugeniusz Kazimirowski mwaka 1934 chini ya uangalizi wa Sista Faustina mwenyewe, mtawa wa Poland aliyetokewa na Yesu. Na hata huyo wa mwanzo, Faustina alilia alipomwona, kwa kuwa hakufikia uzuri wa aliyemtokea.

Walutheri wana picha chache makanisani, lakini sebuleni na wao wana yao. Ni ya Warner Sallman, mchoraji wa Chicago: Yesu wa kichwa na mabega, anatazama juu upande, mwanga umempiga kwenye paji la uso kama yuko studio ya picha za pasipoti. Aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1940, kutokana na mchoro wa mkaa alioufanya mwaka 1924, na nakala zake zimepita milioni 500. Hadithi yake inachekesha. Sallman alisimulia kwamba alipokuwa kijana, kiongozi mmoja wa Chuo cha Biblia cha Moody alimsihi amchore Kristo mwanaume kwelikweli, mkakamavu, asiye dhaifu. Huyu ndiye akawa jibu lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani waligawiwa nakala ndogo za mfukoni, na wengi wao walimwona ni mwanaume wa kutegemewa. Vita vilipoisha, wahakiki wakaanza kumcheka kwamba nywele zake ni za mwanamke aliyetoka saluni. Picha ni ile ile, rangi ni zile zile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyofundishwa kumpima mwanaume.

Wala si mambo ya jana. Katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo mjini Ravenna, michoro ya vigae ya karne ya 6 inamwonyesha Yesu hana ndevu anapotenda miujiza, na upande wa pili wa ukuta ana ndevu anapoteswa. Waumini walisali katikati ya kijana na mzee ambao ni mtu mmoja, na jengo halikuanguka.

Ila huo ulaini una mpaka wake, na mpaka huo ndio unaonifanya nishuku nia ya wachoraji. Wamempa Yesu uso wa mwanamke lakini hawakumpa kazi ya mwanamke. Soma Yohana 21. Amefufuka, wanafunzi wamekesha ziwani bila kupata kitu, wanafika ufukweni wanakuta amewasha makaa, amebandika samaki, ana mkate. Anawaambia, “Njoni mfungue kinywa.” Mkombozi wa ulimwengu yuko jikoni asubuhi na mapema, anawapikia wanaume watu wazima waliomkimbia. Niambie ni sebule gani Moshi ina picha hiyo. Kuosha miguu utakuona, kwa sababu Alhamisi Kuu inalazimisha. Makaa na samaki, hapana. Yesu amejifananisha pia na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa zake, na katika kanisa la Dominus Flevit, Yerusalemu, mchoro wa kuku huyo umewekwa kwenye altare. Huku kwetu, ambako hakuna ua lisilo na kuku, sijawahi kumwona kwenye ukuta wa kanisa.

Malaika Mkuu Mikaeli amepata zaidi. Nakala zinazouzwa mitaani nyingi zinatokana na mchoro wa Guido Reni wa miaka ya 1630, uliopo katika kanisa la watawa Wakapuchini mjini Roma. Tulia uutazame. Mikaeli ana uso wa msichana: hana ndevu, mashavu yamejaa, nywele zinapepea, hata hakunja uso. Juu ni vazi la askari lililombana kifua, chini miguu imeachwa wazi hadi juu ya goti. Ameinua upanga huku mguu wa kushoto ukimkanyaga shetani kichwani kwa wepesi wa mchezaji ngoma. Na shetani je? Shetani ndiye mwanaume. Ana mgongo mpana, mikono ya mbeba mizigo, ndevu, upara. Ngozi yake pia ni nyeusi kuliko ya malaika, jambo ambalo Mtanzania anayeinunua picha hiyo kwa mikono yake mwenyewe angestahili walau kulinung'unikia. Roma ilikuwepo minong'ono kwamba Reni alimpa shetani sura ya Kardinali Pamphili, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Innocent X. Kwa hiyo hata shetani alipata hadhi ya kuwa mtu fulani.

Hapo ndipo naomba mtu anitajie mwanamke mmoja katika picha hizi zetu aliyepewa uhuru wa namna ile. Mwanamke mwenye sura ya msichana na upanga. Mwanamke mwenye misuli na asiwe mwovu.

Wapo, ila hawakufika kwetu. Yudithi, ambaye Wakatoliki tunaye kwenye Biblia yetu, alimkata kichwa jemadari Holoferne ili kuuokoa mji wake. Caravaggio alimchora karibu na mwaka 1599: binti mwembamba aliyejivuta nyuma, amekunja uso kama aliyetumwa kuchinja kuku kwa mara ya kwanza, damu isimrukie. Miaka 20 hivi baadaye Artemisia Gentileschi, mchoraji mwanamke, akachora tukio lile lile. Yudithi wake amekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Mikono ni minene, imekaza. Mkono mmoja umezishika nywele za yule mwanaume, mwingine unasukuma upanga, na mjakazi wake, ambaye kwa Caravaggio alikuwa bibi kizee wa kusubiri na gunia, hapa ni mwanamke kijana aliyempandia jemadari kifuani kumzuia asiinuke. Ni kazi ya watu wawili wanaojua kwamba mwanaume mzima ana nguvu. Ukitazama Yudithi hawa wawili unajua mara moja nani kati ya wachoraji amewahi kuwaona wanawake wakifanya kazi nzito bila kujali nani anatazama.

Na Maria. Injili ya Yohana inasema alisimama penye msalaba. Haikusema alilia, haikusema alianguka. Alisimama. Lakini kufikia karne ya 15 wachoraji wa Ulaya walikuwa wanamwangusha kwa mashindano. Maarufu kuliko wote ni Rogier van der Weyden, ambaye katika mchoro wake wa karibu mwaka 1435, uliopo Madrid, Maria amezimia, mwili wake umepinda sawasawa na mwili wa mwanawe unaoteremshwa msalabani. Ni mchoro mzuri mno, sikatai, na ndiyo sababu ulinakiliwa kiasi kile. Watu waliupenda mzimio huo hata wakataka uwekewe sikukuu yake. Mwaka 1506 mwanateolojia Cajetan alipotakiwa maoni alipinga: Injili inasema alisimama, na mtu aliyezimia hawezi kushiriki kwa akili mateso ya mwanawe. Sikukuu haikupita. Wachoraji lakini hawakumsikiliza Cajetan, na ndiyo maana mpaka leo, katika vituo vingi vya Njia ya Msalaba, Maria yuko mikononi mwa Yohana, magoti yamelegea, kama mzigo unaohitaji mbebaji.

Fra Angelico, mtawa wa Kidominiko, alijua zaidi. Katika chumba kimoja cha konventi ya San Marco, Florence, alichora usiku wa Gethsemane. Petro, Yakobo na Yohana wamelala fofofo. Mbele yao, ndani ya nyumba ndogo, wameketi wanawake wawili, Martha na Maria, wako macho. Injili haikuwataja kuwa walikuwepo usiku ule. Mtawa huyu aliwaongeza mwenyewe, kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha mwanaume, ili anayelala humo aamke akitazamana na waliokesha. Natamani sana kujua aliyelala humo alijisikiaje.

Turudi kwenye mikono, maana huko ndiko kila kitu kinapojionyesha. Sanamu ya Bikira Maria wa Lourdes, Ufaransa, ambayo nakala zake zimejaa kwenye magroto ya parokia zetu, ilichongwa na Joseph-Hugues Fabisch na kuwekwa pangoni mwaka 1864. Bernadette alikuwa msichana wa miaka 14 alipotokewa mwaka 1858, na alieleza kwamba aliyemtokea alikuwa kijana mdogo kama yeye. Fabisch akachonga mwanamke mrefu, wa marumaru nyeupe, macho mbinguni, vidole virefu vilivyounganishwa. Bernadette alipoiona alisema ni nzuri lakini si yeye. Hakuna aliyejali. Faustina naye, kama tulivyoona, alilia. Waliotokewa ni wanawake, walioshika patasi na brashi ni wanaume, na iliyopendwa na soko ni kazi ya patasi.

Mwanamke wa Nazareti aliteka maji, alisaga nafaka, alikanda unga, alifua. Mikono yake ilikuwa na sugu. Mchoraji aliyempa vidole vya mcheza kinanda alikuwa anamchora mke wa mteja wake. Na ndivyo ilivyokuwa: waliolipia michoro hiyo walikuwa wafanyabiashara na wakuu wa Ulaya, ambao heshima ya wake zao ilipimwa kwa mambo wasiyoyafanya kwa mikono. Picha ikasafiri hadi mlimani, ambako heshima ya mama ilipimwa kwa kinyume chake: kwa mzigo wa majani ya ng'ombe aliopandisha kutoka tambarare, kwa mkungu wa ndizi aliofikisha sokoni kabla jua halijawa kali, kwa mbege, pombe ya ndizi, iliyoiva barabara.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe lina uzito. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukata majani hahitaji kumwona mama mwingine aliyechoka. Anapopiga magoti na rozari jioni anataka kumtazama aliyepumzika, mikono safi, uso uliotulia, ambaye hakuna anayemtuma. Sanamu ile ni mapumziko yake. Nimelifikiria hilo sana na siwezi kulipuuza. Lakini angalia: Yesu anayetazamwa na mwanaume aliyechoka ana picha za mapumziko, na ana pia picha za kazi. Yuko karakana na baba yake, yuko chomboni katika dhoruba, yuko hekaluni na mjeledi mkononi. Mwanaume akitaka kufarijiwa yuko, akitaka kuona jasho lake likiheshimiwa yuko. Mwanamke ana faraja peke yake. Hata maneno ya Maria mwenyewe katika Luka, “Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi,” hayajapata mchoro wa kutundikwa. Tunayaimba vizuri sana, kwa sauti nne, mbele ya sanamu ambayo haionekani kama ingeweza kumwangusha mtu hata kwenye kigoda.

Wanaume hufanyiwa marekebisho pale inapohitajika. Yosefu ndiye mfano. Katika zama za kati alichorwa mzee aliyewekwa pembeni. Katika mchoro wa altare wa Mérode, wa miaka ya 1420 na kitu, Malaika anamtokea Maria huku Yosefu yuko kipande cha pembeni anatengeneza mitego ya panya. Wanateolojia kama Jean Gerson wakahoji: mzee wa namna hiyo angemlindaje mwanamke na mtoto hadi Misri? Polepole wachoraji, hasa wa Hispania, wakampunguzia miaka, wakamnyoosha mgongo, wakampa mtoto wa kumbeba. Murillo alimfanya kijana mzuri kabisa. Leo kila baba wa familia ana Yosefu wa kujilinganisha naye, na tangu 1955 ana na sikukuu ya wafanyakazi Mei Mosi.

Mwanamke akipewa dalili ya uanaume, adhabu yake ni msalaba. Simaanishi kwa mafumbo. Ulaya iliwahi kumheshimu Mtakatifu Wilgefortis, mwanamke mwenye ndevu aliyesulubiwa na baba yake. Wengi wanaamini kisa hicho kilizaliwa pale watu walipoona msalaba wa zamani wa Lucca, ambapo Kristo amevikwa kanzu ndefu, wakadhani ni mwanamke. Karibu na zama zetu, Edwina Sandys alitengeneza sanamu ya shaba ya mwanamke msalabani. Ilipowekwa katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yohana, New York, Juma Kuu la 1984, malalamiko yalikuwa makali hadi ikaondolewa. Kristo mwenye sura ya kike ana nakala milioni 500, Kristo mwenye mwili wa kike alivumiliwa kwa siku za kuhesabu.

Kinachonishangaza ni jinsi vipimo hivi vilivyotua Arusha bila kuulizwa vibali. Nywele ni mfano. Wazungu walibishana kama nywele ndefu za Yesu zinamfanya wa kike, na Paulo alishawaandikia Wakorintho kwamba nywele ndefu ni aibu kwa mwanaume. Lakini kwa Wamasai, mwenye nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa ngeu ni morani, kijana wa vita, mwanamke hunyoa. Siku ya eunoto, sherehe ya kumaliza umorani, mama ndiye anayemnyoa mwanawe zile nywele, ujana wa vita ukaisha. Kwa macho ya Kimasai, Yesu wa Sallman ni morani ambaye mama yake hajamnyoa bado, na Maria Magdalena, ambaye wachoraji wamemtambulisha kwa nywele hadi kiunoni kana kwamba hizo ndizo dhambi zake na toba yake, amevaa alama ya mwanaume. Halafu fikiria msichana wa shule ya msingi hapa mjini, amenyolewa kipara kwa amri ya shule, anaambiwa uanamke mtakatifu ndio ule wa ukutani. (Magdalena mwenyewe alitumwa kuwapa mitume habari ya ufufuko. Roma ilimpandishia hadhi ya sikukuu mwaka 2016. Wachoraji bado wako kwenye nywele.)

Sanaa ya mlima huu haikukosa watu wa kuyaona haya. Sam Ntiro wa Machame alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, picha ya mwaka 1956 ambayo sasa ni mali ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Jicho lake lilijua kuuliza nani anabeba nini. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, matukio ya maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, akiyaweka katika ardhi na ngozi ya watu wa pale. Kauli yake inayojulikana ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kutoka Kamerun zikaja picha za Yesu wa Wamafa, ambazo miaka ya 1970 wanakijiji waliziigiza kwanza ndipo zikachorwa. Ngozi ya Yesu ilibadilika, na ilikuwa kazi kubwa. Kwa wanawake, kilichobadilika mara nyingi kiliishia kwenye ngozi hiyo na kilemba.

Soko la vinyago la Arusha litakuonyesha ninachosema. Juu ya meza moja niliona vinyago viwili vya mpingo vilivyochongwa na mchongaji mmoja, muuzaji mwenyewe alithibitisha. Cha kwanza, mwanamke ana mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Shingo imesimama wima, mashavu ya miguu yamejaa, vidole vya miguu vimeshika chini, kila kimoja kimechongwa na ukucha wake. Cha pili ni Bikira Maria. Viganja vimeunganishwa kifuani, kichwa kimelala upande, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni kanzu tupu hadi kwenye kitako cha mti. Hana miguu. Mchongaji anaijua miguu ya mwanamke vizuri kabisa, ameionyesha sentimita chache pembeni. Alipoambiwa achonge mtakatifu akaiondoa. Hakuna aliyemwamuru. Alishaziona sanamu za kutosha kujua mtakatifu wa kike anavyotakiwa kuwa.

Jumapili ya sherehe parokiani utawaona akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na vitenge vyenye picha ya Maria. Wanabeba ndoo za maji, masufuria ya pilau, mikungu ya matoleo. Mama mmoja anainama kuokota kuni na Maria wa mgongoni mwake anajikunja naye, viganja vimeunganishwa vile vile. Aliyenunua kitenge hicho, aliyelipa mchango wa ujenzi, na mara nyingi aliyekuchangisha wewe uliyekuwa unakwepa, ni huyo huyo aliyeinama.

Ujenzi wenyewe haukomi, kwa Wakatoliki na kwenye sharika za Kilutheri za KKKT pia, na kila kamati ya ujenzi hufika siku ya kujadili picha. Kawaida mjumbe mmoja huonyesha sanamu za kuagizwa kwenye simu, watu wanasema nzuri, kikao kinafungwa kwa sala. Ningependa siku hiyo aitwe mchoraji wa hapa hapa na alipwe ujira wake bila kubembelezwa ajitolee kwa Mungu. Apewe Injili, asipewe nakala. Kama kuna nafasi ya ukuta karibu na jiko la parokia, amweke Yesu amechuchumaa kwenye makaa anageuza samaki, moshi ukimwingia machoni. Yudithi najua hatapita, niacheni niseme tu kwamba nilimpendekeza. Lakini kituo cha 12 cha Njia ya Msalaba, Yesu anapokufa, kiko kila kanisa la Kikatoliki na hakihitaji ruhusa mpya, kwa kuwa Injili ilishasema. Maria asimame kwa miguu yake miwili, ionekane hadi vidole, na asishikiliwe na mtu. Yohana akizidiwa, aegemee bega lake.